Kibla cha Ujiji na Simbo: Hesabu ya Nyuzi Ishirini

 

Ndugu msomaji, kuelekea kibla ni sharti la kusihi kwa Swala, na amri yake imo katika Suratul Baqara, aya ya 144. Aliye mbali na Makka hulifikia sharti hilo kwa kupima pembe.

Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara Waislamu waliotangulia kutoka pwani. Bagamoyo, kibla kipo karibu kaskazini kamili: nyuzi 2 tu kuelekea mashariki. Tabora ni nyuzi 14. Ujiji, na Simbo iliyo jirani yake, ni nyuzi 20. Kwa hiyo aliyefika Ziwa Tanganyika akaswali kama alivyozoea pwani, uso wake ulielekea karibu kilomita 1,000 magharibi ya Makka, katika jangwa la Sudan.

Hesabu hii waliikamilisha wanazuoni wetu zamani. Abu Rayhan al-Biruni, katika kitabu chake Tahdid alichokimaliza mwaka 416 H (1025), alitafuta kibla cha mji wa Ghazna. Msingi ni pembetatu juu ya tufe la dunia: ncha ya kaskazini, mji wako, na Makka. Ukijua latitudo za miji miwili na tofauti ya longitudo zao, pembe ya kibla hupatikana.

Je, nyuzi 20 zina uzito kisheria? Kwa Mahanafi na Mamaliki, aliye mbali hutoshelezwa na upande, na nyuzi hizo hazimtoi humo. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii, madhehebu ya wengi wetu, ni kuikusudia Kaaba yenyewe kwa dhana yenye nguvu. Hivyo mwenye uwezo wa kupima asipuuze. Waliotangulia walijitahidi kwa walichokuwa nacho, na ijtihadi haivunjwi kwa ijtihadi nyingine. Tusiigeuze hesabu kuwa fitina msikitini.

Asiye na hesabu atumie jua. Tarehe 27 au 28 Mei, saa 6:18 mchana, na 15 au 16 Julai, saa 6:27 mchana, jua huwa juu ya Kaaba. Simamisha kijiti wima: kutoka ncha ya kivuli kwenda shina la kijiti ndiko kibla.

Wallahu a'lam.