Bunduki ndogo ya kukoki kwa chini (.22): ukiwa Ngara au Biharamulo, anzia hapa

Kuna swali limenifikia mara nyingi na leo nimeamua kulijibu kwa kirefu, maana vijiweni linajibiwa kwa stori za mikanda ya video tu. Swali lenyewe ni hili: "Kaka, ile bunduki ndogo ya kukoki kwa chini, mtu anaweza kumiliki huku kwetu kwa ajili ya kulenga shabaha tu? Na akichukua, achukue ipi?"

Jibu fupi: kisheria inawezekana, ila njia yake ni ndefu. Kwa wengi wenu jibu langu ni USINUNUE, kajifunze kwa mwenye nayo halali. Sababu nitazitoa. Lakini kwanza tuijue hiyo bunduki yenyewe.

Wote mnaikumbuka Terminator 2 ya mwaka 1991, Schwarzenegger yuko juu ya pikipiki, anaizungusha bunduki kwa mkono mmoja na inajikoki. Ile ilikuwa shotigani ya Winchester ya muundo wa 1887, na ule mzunguko uliwezekana kwa sababu pete ya chuma ya chini ilitengenezwa kubwa kuliko ya kawaida. Hiyo pete ndiyo wenzo. Unaisukuma chini, ganda lililotumika linaruka nje, unairudisha juu, risasi mpya inaingia chemba na nyundo inabaki imekokiwa. Risasi zimepangwa foleni kwenye bomba lililo chini ya mtutu. Hakuna magazini ya kuchomoa. Ukijaribu kuizungusha kama Arnold na hizi ndogo utajivunja vidole, sitanii.

Na msidhani ni kitu kigeni Afrika Mashariki. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone alikuwa na Winchester moja na Henry moja, zote za wenzo. Mwaka 1876, kwenye safari yake nyingine, alifika Karagwe kwa Rumanika, jirani zetu kabisa. Halafu Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alishuka Mombasa mwaka 1909 na Winchester ya 1895 yenye risasi kubwa za .405 na akaisifia sana kwa simba. Hizo zilikuwa silaha za vita na uwindaji mkubwa. Tunayoizungumzia leo ni mdogo wao wa mwisho.

.22 maana yake kipenyo cha mtutu ni karibu asilimia 22 ya inchi, kama milimita 5.6 hivi. Risasi yake ya kawaida inaitwa .22 Long Rifle, ipo tangu 1887. Kichwa cha risasi kina uzito wa gramu 2.6 hivi na kinatoka kwa mwendo wa mita 320 hadi 380 kwa sekunde. Haina kishindo begani, mlio wake ni mdogo, ndiyo maana dunia nzima watu wanajifunzia humo. Mashindano ya Olimpiki ya mita 50 yanatumia risasi hiyo hiyo, ingawa bunduki za kule si za wenzo, ni za kukoki kwa komeo na kutia risasi moja moja. Ya wenzo ni ya raha: makopo, vibao vya chuma, karatasi mita 25 mpaka 50.

Sasa tuje nyumbani, na hapa ndipo nataka msome taratibu.

Ngara na Biharamulo si sehemu ya kawaida linapokuja suala la bunduki. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda, kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Wengi walikuwa watu wa kuonewa huruma tu. Lakini pamoja nao, na kupitia mipaka yote miwili, Rwanda na Burundi, zilipita silaha za vita. Miaka iliyofuata mnaijua wenyewe, na wadogo waulizeni kaka zenu: mabasi yanasubiriana yasindikizwe na polisi kupita mapori ya Biharamulo, abiria wanashushwa na kulazwa chini, wafanyabiashara wa ng'ombe wanaporwa. Julai 2013 Rais Kikwete akiwa ziarani Kagera alitoa wiki mbili kwa wenye silaha haramu na wahamiaji haramu, na Septemba ikaja Operesheni Kimbunga.

Kwa hiyo mtu akiona kijana na kitu chenye mtutu hapa kwetu hafikirii makopo, anafikiria jambazi. Mama anayetoka shambani Nyakahura hajui tofauti ya .22 na SMG. Na kijiji chenye kumbukumbu hizo hakimuulizi mtu maswali, kinapiga yowe. Unajua yowe likipigwa nini kinafuata. Mimi hii naiona hatari kubwa kuliko hata kukamatwa.

Upande wa pili kuna pori. Mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, kilomita za mraba zaidi ya 4,700. Ukikutwa na bunduki humo ndani huna maelezo yatakayosikilizwa. Hata ukiwa nje kidogo ya mpaka, "nilikuwa nalenga makopo" ni utetezi dhaifu sana, kwa sababu .22 haina kelele na inajulikana kwa kuangushia paa na ndege. Kibali cha bunduki sio kibali cha kuwinda. Hayo ni mambo mawili, na uwindaji una sheria yake, ile ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Sheria ya bunduki zenyewe ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991. Hii mpya inadai kwanza uthibitishe kwamba unaweza kutumia silaha, yaani uwe na cheti, ndipo leseni ya bunduki yenyewe ifuate. Kwa kawaida maombi yanaanzia serikali ya kijiji au mtaa, yanapita kata, yanakwenda kwa Mkuu wa Polisi wa wilaya na kamati ya ulinzi na usalama, kisha mkoani na juu zaidi. Alama za vidole zinachukuliwa. Utaulizwa unaihitaji kwa nini, na "nimeipenda" sio sababu. Huku kwetu kamati inakujua wewe, baba yako na ugomvi wako wa mpaka wa shamba wa mwaka juzi. Kama una kesi ya kupigana kilabuni, jihesabu uko nje. Na wale wa kidato cha nne, someni kwa faida ya baadaye tu.

Ukipewa leseni, ni ya bunduki ile yenye namba ile, na jina lako. Haikopeshwi. Haimfuati mtoto baba akifa. Warithi wanaipeleka polisi kwanza. Hili nalisisitiza kwa sababu kuna nyumba zina gobore la marehemu babu darini na kila mtu anajifanya halipo. Mwaka 2022 na tena 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza msamaha wa watu kusalimisha silaha bila kushtakiwa, na Septemba ndio mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa msamaha wa aina hiyo. Ukisikia tangazo, usisubiri siku ya mwisho.

Haya, tuseme umevuka yote hayo. Una leseni, una eneo, unataka kuchagua.

Usianze na bunduki, anza na RISASI. Nenda kwa muuzaji mwenye kibali muulize anazo zipi na anazipata mara ngapi. .22 Long Rifle ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko ndugu zake duniani kote. Kuna .22 Magnum, ndefu na yenye nguvu zaidi, na HAZIBADILISHANI, chemba zake ni tofauti. Mtu akikushawishi uchukue Magnum kwa sababu "ina nguvu", muulize nguvu ya kufanyia nini kwenye kopo. Tena risasi hizi hazijazwi upya. Zinawaka kwa kugongwa ukingoni mwa ganda, ukishapiga ganda ni takataka. Bunduki isiyo na risasi karibu ni fimbo ya bei mbaya.

Aina zenyewe, kati ya zinazojulikana zaidi:

Henry H001 ya Marekani. Jina ni la zamani ila kampuni ni mpya, bunduki yake ya kwanza ilitoka 1997. Uzito kilo 2.4 hivi, inabeba risasi 15, wenzo wake ni laini kama siagi. Kasoro: kifuniko cha pembeni si chuma cha pua wala nini, ni aloi ya zinki iliyopakwa rangi, ikikwaruzwa inaonekana. Kwa anayeanza mimi ningechukua hii.

Browning BL-22 inatengenezwa Japani na Miroku. Nyepesi zaidi kidogo, nayo risasi 15. Wenzo wake unashuka nyuzi 33 tu, na kifyatulio kinashuka pamoja na wenzo, kwa hiyo kidole hakibanwi. Ni nzuri kwa mwenye mkono mdogo.

Marlin 39A ni mzee wa kazi. Kilo 3, mtutu sentimita 61, risasi 19. Ukoo wake unarudi mpaka Marlin ya 1891. Inafunguka vipande viwili kwa skrubu moja, kwa hiyo unasafisha mtutu kuanzia nyuma. Huku kwetu mvua za masika zinavyonyesha na udongo mwekundu unavyoingia kila mahali, hilo jambo lina maana kuliko urembo wote. Henry unalazimika kuisafisha kwa kuingiza ufito mbele, na usipokuwa makini unaharibu mdomo wa mtutu na shabaha inapotea taratibu bila wewe kujua. Shida ya 39A ni kwamba utaipata mkononi tu, mtumba. Winchester 9422 nayo ilitengenezwa kuanzia 1972 mpaka 2005, nzuri sana, mtumba vilevile.

Mtumba ukaguliwe hivi: namba ya kwenye chuma ifanane na ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Namba ikiwa imesuguliwa, hata kama bei ni ya bure, ondoka. Kisha ukoki mara kumi polepole uone kama ganda linatoka kila mara, uangalie ndani ya mtutu kama kuna vishimo vya kutu, na nyundo isishuke yenyewe ukisukuma kwa kidole gumba.

Kuna tabia moja ya bunduki za bomba ambayo lazima uijue. Risasi ya mwisho hujificha. Chemchemi ya ndani ikiwa imechoka au bomba lina uchafu, unakoki unaona chemba tupu, unasema imeisha, kumbe moja imekwama na itashuka baadaye. Dawa: toa ufito wa ndani wa bomba, inamisha, koki tena mara mbili tatu, tazama chemba kwa macho NA kwa kidole. Ndipo useme tupu.

Na mahali pa kupigia. Watu wanadharau .22 kwa udogo wake, lakini risasi yake ikielekezwa juu kidogo inasafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Piga hesabu hiyo kwa Ngara: kutoka mgongo wa kilima kimoja kwenda kingine, na katikati ya bonde kuna migomba, na ndani ya migomba kuna nyumba na watoto usiowaona. Mgomba hausimamishi risasi. Unahitaji ukingo wa udongo mrefu kuliko mtu nyuma ya shabaha, udongo mtupu usio na mawe, maana risasi hii laini na ya polepole inaruka vibaya ikigonga jiwe au maji. Biharamulo kuna tambarare zaidi, lakini tambarare ndiyo mbaya, hakuna kinachoizuia. Sehemu sahihi ni uwanja wa shabaha uliokubaliwa na polisi, na kwa mtu wa huku hiyo ni safari na nauli.

Wale wanaoniambia wanaitaka kwa nyani na nguruwe pori wanaomaliza mahindi: kwa nguruwe haifai. Utamjeruhi atakimbilia kichakani, na anayefuata kupita njia hiyo ni mtoto anayekwenda kuchota maji. Toeni taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Na bunduki ya upepo? Inafaa kujifunzia, mashindano ya mita 10 yanatumia ya milimita 4.5. Ila kabla hujatuma hela kwa mtu wa Dar au Kampala, pita kwa OCD uulize inahitaji nini. Kituo kiko hapo mjini, kuuliza ni bure, na beba kitambulisho.