Sumaku yaweza kunasa risasi katika majitaka

Kishushe, kaskazini-magharibi mwa Kaloleni, Voi, yajulikana kwa mawe ya chuma. Jamii mojawapo ya mawe hayo, magnetaiti, hunaswa na sumaku. Chembe zake ndogo mno zikikorogwa katika majitaka ya kiwanda yaliyorekebishwa uchachu, risasi au aseniki hugandama juu yake. Kisha sumaku huzivuta zote. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kuwa hata sumaku dhaifu yatosha kwa aseniki. Tope linalosalia, hata hivyo, ni sumu vilevile. Si jambo dogo: huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri, kilichofungwa mwaka 2014, kiliwaachia wakazi risasi katika damu na udongo.