Stanley Na. 78

Stanley Na. 78 ni randa ya mkono ya chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Ilitengenezwa na kampuni ya Stanley Rule and Level ya mji wa New Britain, jimbo la Connecticut, Marekani. Ilianza kuuzwa katika miaka ya 1880 na ikaendelea kutengenezwa kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Kazi yake ni kukata ribeti, yaani mkato wenye umbo la ngazi unaofuata ukingo wa ubao. Kioo cha dirisha la mbao, kwa mfano, hukaa ndani ya ribeti ya fremu.

Randa ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Kisu chake ni chembamba kuliko mwili, hivyo kuta za pembeni huzuia makali yasifike kwenye kona. Kisu cha Na. 78 kina upana wa mm 38, sawa na mwili, na makali yake hufika mpaka ubavuni.

Muundo

Mwili una nafasi mbili za kuwekea kisu. Ile ya katikati ni ya kazi ya kila siku. Ya pili iko karibu kabisa na pua, na hutumika pale ribeti inapoishia kwenye kona ambayo randa ndefu haiwezi kuifikia.

Kuna vifaa vingine vitatu vinavyofungwa kwa skrubu. Kiongozi, kinachoshikiliwa na ufito mmoja wa chuma, hutembea kando ya ubao na kuamua upana wa ribeti. Kikomo huzuia randa isikate zaidi ya kina kilichopangwa. Cha tatu ni kijembe kidogo cha ubavuni, ambacho hutangulia kisu na kukata nyuzi za mbao. Bila kijembe hicho, kukata kwa kukingama nyuzi hurarua ukingo badala ya kutoa maranda safi.

Hali ya randa kuukuu

Vifaa hivyo vitatu ndivyo vinavyopotea kwanza, na randa nyingi kuukuu huuzwa bila hata kimoja. Randa iliyobaki mwili na kisu bado hukata, lakini seremala hulazimika kufunga kipande cha mbao kilichonyooka juu ya kazi ili kiwe kiongozi.

Kutu ya juujuu si tatizo kubwa, kwani husuguliwa ikatoka. Ufa ni jambo jingine. Mdomo wa randa umekatwa kutoka ubavu hadi ubavu, kwa hiyo pua imeshikiliwa na sehemu ya juu tu. Ikianguka kwenye sakafu ngumu, chuma cha kusubu hakipindi bali huvunjika, na kukichomelea ni kazi ngumu. Hesi za tundu la ufito nazo huchakaa zikikazwa kupita kiasi.

Ufito mmoja ni udhaifu wa muundo wenyewe, kwa kuwa kiongozi huweza kukaa upande na ribeti ikatoka imepinda. Record Na. 778 ya Sheffield, Uingereza, ina fito mbili.