Figo Yangu Iko Wapi?

Mwaka juzi nililala kwenye kitanda cha ultrasaundi hapa Nairobi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Dada aliyekuwa ananipima akasogeza kile kimashine upande wa kushoto, akarudi nyuma, akasogeza tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Figo ya kushoto ilitolewa lini?"

Wasee, nilikuwa na miaka 20 na sikujua kwamba nina figo moja.

Nilijua nina kovu. Nilijua kwamba nikiwa na miaka 5 tulitoka Gotu na mama, tukapanda lori hadi Isiolo mjini, halafu basi hadi Nairobi, na tumbo langu lilikuwa limevimba. Nilikumbuka dawa nyekundu iliyoingia kwa mshipa, na mkojo mwekundu baadaye, na nywele kuisha. Nyumbani stori ilikuwa fupi: ulikuwa na uvimbe, ukatolewa, alhamdulillahi. Neno saratani nililisikia nikiwa kidato cha pili, mjomba alipoteleza ulimi.

Na miaka hiyo yote, nikiumwa na kichwa ama tumbo la mwezi, naingia duka la dawa nanunua ibuprofeni au diklofenaki kama mtu yeyote. Kumbe mwenye figo moja hafai kumeza hizo ovyo bila kuuliza daktari, maana zinaweza kuumiza ile aliyobaki nayo. Lakini ningeuliza nini, na sikujua kama kuna la kuuliza?

Nilirudi nyumbani na hasira, nikaanza kusoma. Nilitaka kujua nani aliamua kwamba mgonjwa asiambiwe.

Nilianza karibu na kwetu. Mwaka 1957, hospitali ya Mulago pale Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe kwenye taya zote. Baadaye akaona mwingine hivyo hivyo. Akaanza kuuliza. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali za Afrika: je, mmewahi kuona hii? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaingia kwenye gari kuukuu aina ya Ford na kuendesha maili 10,000 hivi, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ndivyo walivyogundua kwamba saratani ile hufuata joto na mvua. Vipande vya uvimbe vikapelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakatangaza virusi walivyoviona ndani yake. Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hiyo kikafunguliwa Mulago, ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Watoto walikuwa wanapona kwa dawa, hapa Afrika Mashariki, wakati sehemu nyingi za dunia zilikuwa bado zinajaribu.

Mimi yangu haikuwa ile ya Burkitt. Yangu ilikuwa ya figo, inaitwa uvimbe wa Wilms. Lakini nikisoma hiyo safari ya 1961 najivunia, halafu kuna kitu kinanikwama kooni. Picha za wale watoto zilizunguka bara zima na zikaingia vitabuni. Nyuso zao zilisafiri mbali kuliko wao wenyewe.

Sasa, mwaka huo huo wa 1961, huko Chicago, daktari mmoja aitwaye Donald Oken alichapisha utafiti aliouliza madaktari 219: mgonjwa akiwa na saratani, mnamwambia? Karibu asilimia 90 walisema kwa kawaida hawamwambii. Eti atakata tamaa. Nilidhani hii kuficha ni mambo yetu ya Kiafrika, ya wazee na aibu. Kumbe hata wazungu na mashine zao walificha. Mwaka 1979 swali hilo likaulizwa tena Marekani, na asilimia 97 wakasema wanapendelea kumwambia. Miaka 18 tu! Mila ikabadilika kabisa. Kwa hiyo mtu akinijia kwa komenti na "ndivyo tulivyo", namwonyesha hiyo namba.

Kuna kitu kingine kilichonipata zaidi. Zile dawa zangu zina historia nzuri. Vinkristini inatoka kwa ua dogo la waridi lenye petali tano, asili yake Madagaska, na nina uhakika umelipita kwenye bustani ya mtu hapa Kenya bila kuligeukia. Ile nyekundu, doksorubisini, ilitokana na bakteria wa kwenye udongo wa Italia. Iliokoa watoto wengi, mimi nikiwemo. Lakini kadiri jumla ya kipimo ulichopewa inavyokuwa kubwa, ndivyo hatari ya moyo kudhoofika inavyopanda, hata miaka mingi baadaye. Marekani walianza mwaka 1994 kufuatilia maelfu ya watu waliopona saratani wakiwa watoto, na huko ndiko mengi ya haya yalijulikana. Msichana aliyepewa hiyo dawa anafaa kupimwa moyo, hasa akipanga kubeba mimba. Mimi nilikuwa najua tu rangi yake.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inasema mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Mama yangu aliweka kidole gumba kwenye fomu ya Kiingereza, miaka kadhaa kabla ya sheria hiyo. Aliyemtafsiria Kiborana alikuwa jamaa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ukiuliza, utaambiwa mama wa kijijini hangeelewa. Hapo ndipo nakataa. Huyu ni mtu wa mifugo. Amepika mbuzi maisha yake yote, anajua kila kitu kilichomo ndani ya tumbo na mahali kinapokaa. Figo kwetu inaitwa kalee. Neno lipo. Hakuna aliyelitamka.

Desemba nilienda Gotu. Akko alikuwa ametunza karatasi zangu zote kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa, miaka 16 bila hata mmoja kuzisoma. Dawa zote ziko pale, tarehe na vipimo, kwa mwandiko wa daktari. Nikapiga picha kila ukurasa, halafu nikaketi na mama nje ya nyumba nikamsomea kwa Kiborana, mstari kwa mstari. Nilipofika kwa kalee akanishika mkono.

"Ngoja. Walichukua moja?"

"Ndiyo, mama. Ya kushoto."

Akanyamaza kidogo. "Mimi ndiye niliyeweka kidole," akasema. Kisha akaniambia niendelee kusoma.

Kipimo cha moyo nimepangiwa mwezi ujao. Mama anakuja Nairobi. Amesema safari hii yeye ndiye atauliza maswali.