Kichakata sauti

Kichakata sauti ni kifaa cha kielektroniki kinachobadili sauti ya mwimbaji papo hapo, kwa kuiongezea mwangwi, kuirudufu au kuinyoosha noti.

Uunganishaji. Kikiwekwa kati ya maikrofoni na mikisa, huhudumia maikrofoni hiyo peke yake. Waimbaji wakiwa wengi, fundi mitambo hutumia njia ya pembeni ya mikisa: kila chaneli hupeleka kiasi cha sauti yake kwenye kichakata, na mwangwi hurudi kwa chaneli yake maalumu. Kifaa hutoa mwangwi mtupu, kwani sauti asilia tayari imo kwenye mikisa. Chaneli ya marejeo ikirudishwa tena kwenye kichakata, sauti huzunguka hadi spika zikapiga mluzi.

Mipaka. Unyooshaji wa noti, uliovuma baada ya programu ya Auto-Tune kutoka mwaka 1997, hufuata sauti moja. Ukipewa sauti za kwaya zilizokwisha changanywa, huparaganyika.

Arusha. Kundi la X Plastaz la Arusha, lenye albamu ya Maasai Hip Hop (2004), liliunganisha kufoka kwa Kiswahili na uimbaji wa Kimaasai. Jukwaani, mchanganyiko wa aina hiyo hudai vipimo tofauti: mwangwi mdogo kwa anayefoka, maneno yasikike, na mwingi zaidi kwa anayevuta sauti. Mahali napo huamua. Uwanja wa wazi kama Sheikh Amri Abeid huhimili mwangwi wa kuongezwa. Kanisa lenye kuta tupu huwa na wake tayari.