Wakwezi wa Unyamwezi

Mtu wa visiwani akitajiwa mkwezi, humwona papo hapo juu ya mnazi, kamba miguuni na panga kiunoni. Ni nadra fikira zake kuvuka bahari na kufika Tabora. Huko nako kukwea kulikuwa elimu, yenye walimu na wanafunzi wake. Tofauti ni kwamba kilichotafutwa juu hakikuwa nazi bali asali.

Historia ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, imeandikwa kwa mizigo. Tangu Burton na Speke walipoingia Kaze mwezi wa Novemba 1857, wageni wamemsifu Mnyamwezi kwa bega lake. Hawakukosea, kijana alitarajiwa aende pwani na kurudi ndipo ahesabiwe mwanamume. Lakini aliyebaki nyuma, katika misitu ya miombo, hakupata wa kumwandika.

Mafunzo yake yalianzia chini. Mtoto alifuatana na baba au mjomba hadi kambini, akachochea moto, akapokea chombo cha asali kilichoteremshwa kwa kamba. Hapo ndipo alipojifunza kuusoma mti: tawi lipi bichi, lipi limekauka, wapi pana uwazi ndani. Mzinga ulitundikwa juu ili nyegere asiufikie, na mkwezi alipanda giza likiingia, nyuki wakiwa wametulia kidogo, mkono mmoja ukishika mti na wa pili mwenge wa moshi. Kupanda hakukuwa mtihani mkubwa. Mtihani ulikuwa kushuka kwa utaratibu uleule, gizani, uso ukiumwa.

Na huo mzinga (neno ambalo pwani huleta pia sauti ya baruti) ulikuwa gome lililobanduliwa zima katika shina la mtundu au la muba. Mti uliobanduliwa hivyo hufa. Kwa hiyo mkwezi aliua mti mmoja ili akautundike juu ya mwingine, na nyuki wakaja kutafuta maua yaleyale aliyoyapunguza. Aliyejua kazi alichagua kwa uchache. Soko halikumwomba uchache. Enzi ya Wajerumani nta ya Tabora ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa Ulaya, na reli ilipofika mjini mwaka 1912 ilimwondolea mpagazi kazi yake, si mkwezi.

Wanyamwezi wengine walikuwa wamekwisha kuvuka bahari hadi Unguja, wakalima na kuchuma katika mashamba ya karafuu. Huko miti iliwafundisha upya. Tawi la mtundu hustahimili uzito wa mtu. La mkarafuu hukatika ghafla, hata likiwa bichi na lenye majani. Mchumaji hukaa karibu na shina akavuta vitawi kwake, wala haendi kuvifuata. Aliyeleta kisiwani ujasiri wa msituni ilimbidi kwanza ausahau.

Leo chuo cha ufugaji nyuki kilichopo Tabora hufundisha mizinga ya masanduku, ambayo huweza kuwekwa kimo cha mtu. Mtundu umepata nafuu, na kijana anaweza kuhitimu bila nyayo zake kuiacha ardhi. Hata hivyo, mizinga ya magome ingali imetundikwa huko misituni, na kiangazi, jua likizama, bado kuna anayeipandia na moshi wake, na mtoto chini ameshika kamba.