Walijiandikisha kulinda kwao, wakafia mbali

Mwaka 1859 Uingereza iliogopa Napoléon III wa Ufaransa atavuka bahari. Serikali ikaruhusu raia waunde vikosi vya bunduki. Kule Scotland, jimbo la Roxburghshire, vijana wa Jedburgh, Kelso, Melrose na Hawick wakajitolea. Mwanzoni silaha na nguo walijinunulia.

Napoléon hakuja. Vikosi vikabaki. Mwaka 1908 viliingizwa katika jeshi jipya la akiba, kazi ikiwa ileile: kulinda nyumbani. Vita ya 1914 ilipoanza, wakaombwa kukubali kwenda ng'ambo. Tarehe 12/07/1915, kule Gallipoli, Uturuki, Hawick ilipoteza vijana wengi siku moja tu.

Njo maana, mbele ya kuweka signature, tuulize: hii kazi itaishia wapi?